Wino wa Mabango kwenye Kalamu ya Jaji

Mi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha nina miaka kumi na nne, na peni naijua ya kuandikia bei tu. Lakini habari za Ami Wadii naziandika mimi Nagwa, maana wakiachiwa wale waungwana wa Alhamisi, watazipamba mpaka wao ndio waonekane watu wema.

Meza yangu ya makava ya simu iko mdomoni mwa uchochoro, Kairo mjini kati. Duka la Ami Wadii liko hatua saba ndani. Naliita duka kwa heshima tu, ni kabati lenye mlango. Watu wawili wakikaa, wa tatu anasimama, wa nne anabaki nje na bilauri yake ya chai akichungulia. Humo ndimo alimokaa miaka arobaini na nne akitengeneza kalamu za wino, zile za kujazwa wino wa chupa, zenye nibu, yaani ncha ya kuandikia, ya chuma au ya dhahabu. Kiti chake alikirithi kwa baba yake. Kimebonyea upande wa kushoto, na yeye mwenyewe sasa kapinda kushoto.

Ana sharti moja, na wapenda kalamu wote wa mji huu wanalijua. Kalamu yako hampi mjumbe. Hampi mwanao, hampi mkeo, hampi dereva. Uje mwenyewe, ukae mbele yake, uandike jina la mama yako mara tatu. Yeye anaangalia mkono, haangalii karatasi. Nibu ikikwaruza anaichukua, anaisugua kidogo, anakurudishia. Ukimaliza, karatasi anaichana mbele yako vipande vipande, maana kwetu mwanamume halitangazi jina la mama yake. Mtaani tukilijua tutamtania mpaka azikwe.

"Kwa nini la mama, Ami?" nilimuuliza siku moja.

"Jina lako unaliandika kwa maringo," akasema. "La mama yako unaliandika kwa mkono wako wa kweli."

Basi kila Alhamisi baada ya alasiri wanakuja watatu. Jaji Safwat, mstaafu, tai shingoni hata mwezi wa nane, joto linapochoma. Mwalimu Kadri wa jiografia, anayenyoa kwa wembe wa kukunja na kuitia saa yake ufunguo mbele ya watu ili tumwone. Na Daktari Buthaina wa macho, anayeandika dawa kwa wino wa kijani. Watu wazima wale! Wanafumba macho wasikilize nibu inavyopita kwenye karatasi. Wananusa chupa za wino kama sisi tunavyonusa mkate wa moto. Nimewasikia wakigombana saa nzima juu ya buluu.

"Hii buluu ya bahari," anasema Mwalimu Kadri.

"Bahari gani? Ya kwenye ramani zako?" Daktari Buthaina anamrukia. "Hii buluu ya dirisha la kijijini."

"Hukumu ya mahakama," anasema Jaji, kidole juu, "ni kwamba nyote wawili mkanunue miwani."

Nikishachoshwa na wateja wa kubembeleza bei nilikuwa naenda kusimama pale, nacheka. Sikatai, ilikuwa raha.

Shida ni macho ya Ami Wadii. Mwaka jana Daktari Buthaina mwenyewe alimmulika, akamwambia la kulia limeshaondoka, la kushoto lina mwaka, labda na nusu, na dawa hakuna. Na binti yake Irini yuko Aswan, mbali kusini, kajifungua mtoto wa kike, Verena. Irini kamtengea baba yake chumba, kakipaka rangi, kaweka kitanda. Ami Wadii anataka kitu kimoja tu: amwone Verena kwa macho yake kabla hayajazima. Kwenye simu, anasema, anaona ukungu wenye meno mawili.

"Si upande treni!" nilikuwa namfokea. "Unangoja nini?"

"Nina kalamu za watu."

Ndiyo sharti lake hilo. Hawezi kuzifungia, hawezi kumwachia jirani, kila moja lazima irudi mkononi mwa mwenyewe. Mara tatu alikata tiketi. Mara tatu, wiki ileile ya safari, ikaingia kalamu iliyoziba kabisa, tena ya rafiki. Irini akipiga simu anaambiwa, "Jumamosi ijayo, mama." Mi nilidhani ni mkosi.

Mara ya nne nikaingilia. Mwezi mzima nimewapigia wenye kalamu simu, nimewatisha, mmoja nimemfuata mpaka kwa kinyozi, akiwa na povu mashavuni. Jumatano droo ikawa tupu. Ami Wadii akaipapasa ndani kwa vidole, akaipapasa tena, akacheka kama mtoto. Tiketi ya Jumamosi ilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Alhamisi wakaja. Jaji Safwat mbele, kalamu yake kaifunga kwenye leso.

"Wadii ndugu yangu, imegoma. Sijui imepatwa na nini."

"Na yangu," akasema Mwalimu Kadri, macho kwenye viatu vyake.

Daktari Buthaina alikuwa nyuma yao. Aliiweka ya kwake mezani polepole, kama mtu anayerudisha sahani ya watu aliyoivunja.

Ami Wadii akaifungua ya Jaji, akaichovya kwenye bilauri ya maji. Kikatoka kitu cheusi, kizito, kinavutika. Harufu ikanifikia mlangoni: masizi na gamu. Nimekulia ndani ya harufu hiyo. Mjomba wangu Bayumi anaandika mabango, na huo ndio wino wake, wa kuchovya kwa kalamu ya tete. Ukiujaza kwenye kalamu ya nibu unaganda ndani kama saruji. Mimi muuza makava najua. Hawa wa kubishana saa nzima juu ya buluu hawajui?

Damu ikanipanda.

"Huu wino wa mabango! Mmeutia makusudi!"

"Binti, punguza sauti," akasema Jaji.

"Sipunguzi! Na zile za mwanzo ni nyie? Ni nyie! Na wewe, Daktari, si wewe uliyempimia macho?"

Daktari Buthaina alishika mkoba wake kwa mikono miwili. "Nagwa, akiondoka, sisi twende wapi?"

"Nendeni makwenu!"

"Kwangu," akasema Mwalimu Kadri, "kuna saa tu za ukutani."

"Nagwa. Basi," Ami Wadii akaniambia.

Sikusikia. Nikamgeukia Jaji, maneno yananitoka tu: "Umezoea kufunga watu mpaka umestaafu bado unafunga!" Uchochoro mzima ulisikia. Muuza koshari, ule wali wa dengu, alizima redio apate kusikia vizuri.

Jaji akasimama, akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Wakatoka wote watatu bila kuaga, chai zao nusu.

Nikajipangusa mikono. "Umeona, Ami? Sasa uko huru."

Yeye alikuwa anabadilisha maji kwenye bilauri. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Tangu ile ya kwanza. Gamu hata kipofu anainusa."

"Na ukanyamaza!"

"Nawajua hawa. Wakiaibika hawarudi. Safari hii nilipanga nizioshe kwa maji moto na siki, siku moja na nusu zinafunguka. Jumamosi asubuhi waje wazichukue, wakute begi langu mlangoni. Wangelia, wangeandika, ningepanda treni." Akapapasa meza mpaka akakipata kitambaa. "Sasa nani atakuja?"

Ijumaa nilikwenda kwa Jaji. Mlinzi wa jengo akaniambia kasafiri. Kasafiri wapi, nasikia anakohoa? Mwalimu Kadri hakufungua, nilizisikia saa zake tu, kila moja na lake. Kwenye kliniki ya Daktari nikaambiwa nafasi mpaka mwezi ujao.

Jumamosi nikamwomba Ami Wadii anipe kalamu zao nizipeleke mimi.

"Andika basi jina la mama yake Jaji," akasema. "Unalijua?"

"Livunje hilo sharti! Mara moja tu!"

"Kuna mama alikuja hapa kwa kalamu ya mumewe, mume kalazwa. Nikamrudisha, nikamwambia mume aje mwenyewe akipona. Hakupona. Kalamu nilimpelekea mjane wake siku ya arobaini." Alikuwa ananiangalia, au anaangalia niliposimama. "Nikikupa wewe leo, yule mama nimwambie nini?"

Treni ikaondoka. Irini akapiga simu, nikamsikia Ami Wadii anasema Jumamosi ijayo.

Leo ni wiki ya tano. Kalamu tatu ni safi, kila asubuhi anazijaribu zisikauke. Karatasi ya kujaribia ni mgongo wa ile tiketi, na neno ni moja, Verena, mara tatu kwa kila kalamu. Mwanzoni mistari ilikuwa imenyooka. Asubuhi hii neno limeanzia kwenye tiketi, likavuka ukingo, likamalizikia kwenye mbao ya meza, na yeye akafunika kalamu, akaniuliza, "Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri, Ami," nikasema.

Nimefunga meza yangu kabla ya adhuhuri. Niko kwenye ngazi za Jaji Safwat, ghorofa ya tatu, nimeketi mbele ya mlango wake. Nimegonga, nimeomba radhi kwa sauti mpaka majirani wamechungulia. Ndani anakohoa, hafungui. Basi nimeandika yote haya, kwa peni yangu ya bei, na karatasi nazisukuma moja moja chini ya mlango. Hii ni ya mwisho. Ya kwanza naona bado ncha yake imechomoza huku nje, hajaivuta.