Hema la Baba Nyuma ya Migomba

Alasiri ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo baba yangu aliyokuja kumpima mchumba wangu. Wewe jana ulinionyesha picha kwenye simu, unauliza, “Bibi, kilima gani huku Rungwe kina mandhari kali, nikapige kambi na wenzangu?” Kaa kwanza. Jibu langu linaanzia mbali.

Nilikuwa nesi mgeni hapa Tukuyu, nimepangiwa kazi kutoka kwetu Singida, nikampenda babu yako, Ambakisye. Baba hakutaka hata kulisikia jina hilo. Yeye alikuwa skauti tangu utotoni mpaka mvi, na kwake mtu alipimwa porini. Akapanda basi akaja. “Huyo kijana atuchagulie pa kulala,” akaniambia. “Nikishapaona, nitajua kama nikuache huku au nirudi na wewe.” Weee! Tangu hapo nikawa roho juu.

Tukaenda Nkunga, penye kilima. Mimi macho yangu yalikuwa kileleni. Kutoka pale unauona Mlima Rungwe wote, na chini yako migomba na mashamba ya chai mpaka macho yachoke. Nikajua hema likisimama pale, baba ameridhika, kazi imekwisha. Lakini Ambakisye alitua mizigo njiani, akashuka kwenye nyumba moja ya bati. Tukamwona amechuchumaa mbele ya bibi kizee, anamsalimia taratibu kwa Kinyakyusa, halafu wanaongea. Wanaongea tu! Jua linashuka, baba anatazama saa, na mchumba wangu anapiga soga.

Aliporudi akatupeleka kwenye kiwanja kidogo nyuma ya migomba ya yule bibi. Mlima ulionekana nusu, tena kwa kuchungulia.

Nikamvuta pembeni. “Ambakisye, unaniaibisha! Baba atoke Singida aje kulala nyuma ya migomba?”

“Bibi anasema kule juu ndiyo njia ya upepo,” akajibu kwa upole. “Na ardhi hii ina wenyewe. Hapa tumekaribishwa.”

Nilinuna, mwanangu. Mdomo ukawa mrefu, hata chai sikumimina. Baba naye akageuka kukaza kamba za hema lake. Nikasema moyoni, basi tena, naondoka naye.

Magharibi mvua ya Tukuyu ikashuka, ile isiyobisha hodi. Sisi Singida mvua tunaiomba. Hii ilikuja yenyewe, na baridi yake, na hema la baba lilikuwa kuukuu. Likavuja. Mzee akalowa, akaanza kutetemeka meno yakigongana, na unesi wangu wote ukaishia kumsugua mgongo kwa kanga iliyolowa. Niliogopa sana. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hospitali ilikuwa mbali.

Ambakisye akatoa kichwa nje, akaita, “Bibi!”

Akaitika papo hapo. “Mleteni mzee wetu jikoni! Mnangoja nini?”

Tukamkalisha baba karibu na moto, akafunikwa blanketi la mwenye nyumba, akapewa maziwa ya moto. Kidogo kidogo mikono ikatulia. Yule bibi alichochea moto mpaka mzee akasinzia.

Asubuhi baba aliniita. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi peke yake. “Mwanangu,” akasema, “nilikuja kukurudisha nyumbani. Nitarudi peke yangu.”

Nililia, sikufichi.

Basi sikiliza. Sikukatazi mandhari, Mungu hakuipamba Rungwe hivi ili tufumbe macho. Ila ukifika, tafuta kwanza paa linalotoa moshi. Piga hodi, salimia, uliza ardhi ni ya nani, upepo unapita wapi na maji ya mvua yanaelekea wapi, kuuliza si ujinga. Kilele utakipanda kesho kwa miguu yako, ukapige picha mpaka simu izime. Na siku ukichagua mwenza, usitazame sura tu. Mtazame anavyoingia kwenye uwanja wa mtu asiyemjua.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie miguu myepesi na hema lisilovuja, na popote utakapolala, ukiita, uitikiwe.