Jina la Shimo la Mwezini

Sogea karibu nikueleze taratibu, maana ukilisikia jambo hili nusunusu utadhani nilitaka kumwita binti yangu shimo.

Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa, akina mama huita majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, huku wakimnusisha ugoro kidogo. Jina likiitwa akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Miaka hiyo ya tisini, nilipojifungua kifungua mimba wangu kule Kimulot, mama mkwe alikuwa akimngoja mtu mmoja tu: mama yake mzazi, ambaye hakuna mtoto aliyewahi kupewa jina lake.

Alimwita mara nyingi. Mtoto akalala.

Tukapumzika tunywe chai. Kogo mmoja, nyanya wa jirani, akauliza kama ile picha ukutani ni ugali ulioungua. Nilikuwa mwalimu wa sayansi, sikuweza kuliacha swali lipite. Nikamweleza kuwa ni mwezi. Ukiangusha jiwe kwenye unga, linaacha shimo lenye ukingo. Mwezi nao ulipigwa na mawe makubwa vivyo hivyo. Hili hapa, nikamwonyesha kwa kidole, limepewa jina la wachunguzi wawili wa nyota, baba na mwanawe, wenye jina moja.

Kogo akashangaa. Baba na mwana jina moja? Sasa ukiita, nani anaitika?

Nikacheka, nikalitamka jina lenyewe kwa sauti ya darasani.

Mtoto akapiga chafya.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. “Mwalimu, hao ni wa ukoo gani?”

Nikakiri kuwa ni Wazungu, na wamekufa zamani. Kogo akanong'ona kuwa chafya ni chafya. Mwingine akasema angalau walikuwa watu wa bidii.

“Hao wana shimo zima huko juu,” mama mkwe akasema. “Mama yangu hana hata kichuguu. Wakae na shimo lao.”

Akachota ugoro wa kumtosha ng'ombe, akaliita jina la mama yake. Binti akapiga chafya tatu mfululizo. Kogo akapiga mbili. Mama mkwe akajifuta macho, akasema ni ugoro.

Basi, ukiwa mwalimu na umekaribishwa kwenye shughuli kama hii, ukiulizwa habari za mwezi, sema utaeleza kesho, kisha unywe chai yako.