Kimya Alichoapisha Agatha

Naomi alipompigia simu mama yake kumwambia kwamba amepata nafasi kwenye mashindano ya tenisi ya wanawake wa kulipwa, tena hapo hapo Mikumi, alimwomba jambo moja tu: asimwambie mtu. Agatha akakubali. Kisha akaropoka habari yenyewe kibandani kwake Magomeni, mjini Kilosa, huku akimpima mteja kiuno, na kabla kitambaa hakijakatwa habari ilishafika Mamboya kwa kaka yake Tomasi.

Mgeni atauliza, kuna ubaya gani mjomba akijua? Ubaya ni kwamba katika ukoo wao mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Mtoto akiposwa, anaulizwa mjomba. Akivunja dirisha la jirani, anayesimama kujibu ni mjomba, hata kama baba mtu ameketi pale pale anakunywa chai. Tomasi hakuwahi kuona tenisi hata siku moja maishani, lakini aliona wazi kwamba mpwa wake hawezi kusimama mbele ya wageni bila yeye kuwepo. Alishuka Kilosa na koti lake la suti, akamkuta dada yake kwenye cherehani, na kabla hata ya kukaa akauliza kwa nini ameambiwa na watu wa pembeni. Agatha akampa shikamoo yake, akavuta pumzi, akajua kazi ipo.

Yeye mwenyewe tenisi aliijua kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Zamani, baada ya mumewe kwenda zake na kusahau njia ya kurudi, alikuwa akifua mashuka kwenye hoteli moja kule Mikumi. Naomi alishinda nyuma ya chumba cha kufulia, akiupiga ukuta kwa mpira uliochakaa ulioachwa na wageni. Tup, tup, tup, kuanzia asubuhi. Ule mlio ulimtia Agatha wazimu, mpaka siku moja akauzamisha mpira ndani ya ndoo ya sabuni. Mwalimu wa tenisi wa hoteli ndiye aliyekuja kuuliza ule ukuta unapigwa na nani. Basi hapo ndipo maisha yalipogeuka: raketi za kuazima, safari za Arusha na Nairobi, sketi ambazo Agatha alizishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya sare za shule, na Naomi kutolewa raundi ya kwanza kila aendapo. Katika mashindano ya mchezaji mmoja mmoja ya watu wa kulipwa hakuwa ameshinda mechi hata moja.

"Mama, nikitolewa tena safari hii, basi," alisema kwenye simu. "Naziweka raketi chini, natafuta shule ya kufundisha. Nimechoka."

Hakulia. Angelia, Agatha angejua la kumwambia. Alilitamka hilo kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mchele.

Sasa mchezo huu wa tenisi una masharti, na sharti kubwa ni kimya. Mpira ukiwa unachezwa, watazamaji hufunga midomo. Naomi alimweleza mama yake hivyo mara nyingi, na siku ya safari Agatha aliwasimamisha ndugu zake kando ya gari la Noah walilolikodi, akawaapisha mmoja mmoja kabla hawajapanda. Mgumu kuliko wote alikuwa mdogo wake, Verdiana, ambaye kigelegele chake kikipigwa harusini Rudewa, wa njia panda wanauliza kaolewa nani.

"Dada, sasa tukifurahi tufanyeje?"

"Mtapiga makofi pointi ikiisha."

"Makofi tu? Kama tuko kwenye mkutano wa kijiji?"

"Makofi tu, Verdiana."

Tomasi, aliyekwisha kukaa kiti cha mbele, akatoa kichwa dirishani. "Agatha, mtu anashangiliwa akiwa anafanya. Akishamaliza anapewa maji ya kunywa."

"Kaka, naomba uape."

"Mimi ni mtu mzima, siapishwi kwenye maegesho."

Njia nzima hadi Mikumi alikuwa akieleza kwamba hakuapa. Vumbi liliingia, wengine wakafunga vioo, yeye akaendelea kueleza.

Uwanja ulikuwa ndani ya hoteli, umezungushiwa wavu wenye turubai la kijani, viti vya plastiki vikiwa upande mmoja. Agatha aliwapanga watu wake safu ya nyuma kabisa, Verdiana akiwa ubavuni kwake ambako anafikika kwa kiwiko. Alipogeuka kumtafuta Tomasi, hakumwona. Kumbe mzee alikuwa ameshaingia uwanjani, amesimama chini ya kile kiti kirefu cha mwamuzi, kofia mkononi, anajitambulisha.

"Mimi ndiye mjomba wake huyu," alikuwa akisema. "Likitokea jambo lolote, niulizwe mimi."

Mwamuzi alikuwa dada mmoja mwenye miwani myeusi. "Shikamoo mzee," akasema. "Sawa, nimekuelewa. Tafadhali nenda ukakae."

Naomi alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua uso, lakini masikio yake yalionekana kuwaka. Agatha alitamani ardhi impasukie.

Mpinzani alikuwa msichana mrefu kutoka Bulgaria, mwenye mkono mzito na subira kidogo. Seti ya kwanza akaichukua yeye. Agatha hakuiona vizuri, maana alikuwa na kazi ya kuchunga watu.

"Mbona kapewa kumi na tano?" Tomasi aliuliza. "Kapiga mara moja tu."

"Ndivyo wanavyohesabu, kaka. Nyamaza."

"Halafu thelathini, halafu arobaini. Ile tano nyingine imekwenda wapi?"

"Sijui ilikokwenda! Nyamaza!"

Mwamuzi akageuza shingo, akawaomba watulie. Seti ya pili ikaanza, na Naomi akaanza kuona mpira. Alikuwa anakimbia pembe hadi pembe, anarudisha kila kitu, na yule mwenzake akaanza kuitupia raketi yake maneno. Verdiana alijaza pindo la khanga mdomoni ili kiapo kisimponyoke. Tomasi akasema kwa sauti ya kanisani kwamba huyu mtoto miguu hiyo kaitoa kwao Mamboya, kwenye vilima. Mwamuzi akageuka tena. Safari hii alisema kwamba akisikia sauti nyingine kutoka safu ile ya nyuma, mtu atatoka nje. Muda si mrefu nyani mmoja juu ya paa la stoo alibweka katikati ya pointi iliyofuata, akabweka tena, wala hakuna aliyemwonya. Agatha aliliona hilo, likamkaa rohoni.

Naomi akachukua seti ya pili.

Ya tatu ilikuwa mateso. Agatha aliacha kuona ndugu, akaacha kuona viti, akabaki na ule mlio tu. Tup. Tup. Walikwenda sambamba mpaka mwisho, kisha Naomi akatangulia, kisha ikabaki pointi moja. Pointi moja, na mwanawe ameshinda mechi kati ya watu wa kulipwa, na jina lake limeanza safari ya kuingia kwenye orodha ya wachezaji wa dunia, na hakuna cha kuweka raketi chini wala kutafuta shule.

Mpira ulikwenda na kurudi hadi watu wakasahau kuvuta pumzi. Kisha Naomi, badala ya kupiga kwa nguvu, akaugusa tu. Ukavuka wavu kwa shida, ukaanguka pale karibu. Mbulgaria alikuwa mbali. Akaja mbio, raketi imenyooshwa mbele, na kabla hajaufikia kigelegele kikapanda hewani, kirefu, chembamba, cha kuita majirani. Raketi ikaugusa mpira vibaya, mpira ukaingia wavuni.

Naomi alishainua mikono. Mwamuzi akainua wake kumkatisha. Msichana wa watu alikuwa analalamika, anaonyesha sikio, anaonyesha safu ya nyuma, na haki alikuwa nayo. Pointi ikafutwa. Irudiwe.

Watu wote walimgeukia Verdiana. Verdiana alikuwa na khanga yote mdomoni, macho yamemtoka, anamtazama dada yake.

Kilikuwa kimetoka kwa Agatha. Yeye aliyewaapisha wenzake kama hakimu, ambaye tangu alfajiri alikuwa akiwafinya watu na kuwapiga viwiko. Alijigusa midomo na kuikuta bado iko wazi.

"Nani amepiga kelele?" mwamuzi aliuliza.

"Mimi," akasema Tomasi, akasimama.

Viti vikacheka. Mzee wa ndevu nyeupe, koti limefungwa vifungo vyote, anadai kigelegele cha kike ni chake. Hata mwamuzi alivua miwani kumtazama.

"Mzee, wewe ndiye uliyepiga kigelegele?"

"Mimi ndiye mkubwa wa watu hawa. Kilichotoka kwao kimetoka kwangu. Nilikwambia asubuhi, niulizwe mimi."

Mlinzi mmoja, kijana anayeitwa Goodhope, akaja kumshika mzee mkono kwa adabu. Na hapo Agatha angeweza kukaa kimya, aone mwisho wa mechi ya mwanawe. Alikuwa amemkasirikia kaka yake tangu Kilosa. Sasa alimkasirikia zaidi, kwa kumbebea kosa mbele za watu na kumwacha pale kitini na aibu yake yote.

"Ni mimi," akasema. "Mama yake. Huyu mzee hajui hata kupiga mluzi."

Wakatolewa wote wawili. Naomi hakuwatazama. Alikuwa akidundisha mpira chini, taya zimebana.

Nje kulikuwa na benchi chini ya turubai, na turubai halionyeshi kitu. Agatha aliweka jicho kwenye kila tundu, akaona kijani. Zilibaki sauti tu. Tup. Tup. Kimya. Makofi.

"Kashinda?" Tomasi aliuliza.

"Nitajuaje? Kaa."

Tup, tup, tup. Makofi tena, yale yale, ya vidole, ya watu wasiotaka kuumiza viganja. Watu wa tenisi humpigia makofi huyu, wakampigia na huyu, hata mtu aliyeanguka wanampigia. Agatha alisubiri sauti ya Verdiana imwambie mambo yamekwendaje. Hakuna. Ukoo mzima kule ndani ulikuwa umefunga midomo barabara.

"Tangu asubuhi hawanisikii," akafoka, "sasa ndiyo wananisikia!"

"Uliwaapisha," Tomasi alisema.

"Kaka, usinichokoze."

Alimuuliza Goodhope. Goodhope akasema, "Mama, hata mimi huwa sijui. Wanawapigia wote." Wakaendelea kusikiliza. Muda ulikwenda, hewa ikawa nzito, na Agatha alikuwa akijiambia kwamba ile pointi alikuwa nayo mtoto mkononi, ameipata kwa jasho lake, na mama yake mzazi ndiye aliyempokonya. Kisha yakaja makofi marefu, na baada yake viti kusogezwa. Imekwisha. Kwa nani?

Alipanda juu ya benchi. Hata hivyo hakufikia juu ya turubai, kwa hiyo akakusanya mikono mdomoni na kupaza sauti iliyofika mpaka jikoni mwa hoteli.

"Naomi! Umeshinda?"

Goodhope akafumba macho.

"Nimeshindwa, mama!" Sauti ya Naomi ilitoka upande wa pili wa turubai, karibu kuliko alivyodhani, kali, imejaa hasira hadi inatetemeka. "Na acha kupiga kelele, uwanja wa pili wenzangu wanacheza! Mashindano ya mwezi ujao hamji! Hata mmoja wenu! Mmenisikia?"

Agatha akabaki juu ya benchi, mikono bado mdomoni.

Mwezi ujao. Kumbe raketi haziwekwi chini.

Alishuka polepole akakaa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Tomasi alikuwa amesimama, amevimba, anafunga kifungo cha koti. "Hatuji? Nani kasema hatuji? Mimi mjomba wake nazuiwa kuja? Nitamwambia huyu mtoto, tena sasa hivi, nitamwambia mbele ya mwamuzi wake…"

Akaendelea kwa sauti ya juu, huku Goodhope akimsihi, na Agatha hakumwambia anyamaze.