Dola ya Jaji Hostetter

Marehemu mume wangu, Orville Strickler, hakuwahi kupika dola. Nasema hivyo kwa sababu hapa Lancaster bado wapo wanaosimulia kwamba mfamasia yule alizipaka sarafu zake dawa za dukani ili zipendeze.

Dola yenyewe ni ya fedha, ya mwaka 1879, mojawapo ya zile chache zilizopigwa mahususi kwa wakusanyaji wa sarafu, uso wake kama kioo. Orville aliinunua kwa warithi wa Jaji Hostetter, ikiwa bado ndani ya bahasha ndogo yenye mwandiko wa jaji. Karatasi za zamani huitia fedha rangi polepole, kwa miaka mingi; walaghai huipika ovenini ili ipate rangi hizo kwa siku moja. Hii ilikuwa na buluu ukingoni na zambarau katikati. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akiisogeza dirishani na kuniita, "Winnie, njoo uone, leo ina kijani!" Niliacha viazi vyangu nikaenda, ingawa kijani sikukiona hata siku moja.

Kwenye mkutano wa chama cha wakusanyaji, Harlan Detweiler alisema mbele ya wote, mdomo umejaa pai, "Orville, imeiva vizuri. Uliiweka ovenini dakika ngapi?"

Watu wakacheka. Orville akawa mwekundu, akaanza kuifunga dola yake. Angeondoka vile, jina letu lingebaki pale mezani.

"Kaa, mume wangu," nikamwambia. "Harlan, meza kwanza, halafu uje hapa."

Siku hizo wengi walitupa bahasha kuukuu wakahamishia sarafu kwenye plastiki mpya. Orville hakuthubutu. Bahasha ilikuwa imeachia upande mmoja, nikaifunua. Ndani palikuwa na alama ya duara iliyoachwa na dola, na mshono wa gundi umeikatiza. Upande wa nyuma, wenye picha ya ndege tai, dola ilikuwa na mstari mwembamba usioshika rangi. Nikailaza juu ya duara. Mstari ukaangukia sawasawa kwenye mshono.

"Haya, niambie, ni oveni gani inayojua mshono wa bahasha ya jaji ulipita wapi?"

"Harlan," mtu akasema, "hiyo pai itakukaba."

Harlan alimfuata Orville hadi garini, kofia mkononi. Walisimama muda mrefu, na mume wangu akaendesha hadi nyumbani akipiga mluzi. Watu huniuliza Harlan alisema nini. Nilikuwa nimeketi garini, dirisha wazi, nilisikia kila neno. Mjane wa Harlan yu hai, naye ni jirani yangu. Sisemi.