Mzee wa Mitambo

Mourine Nekesa alikuwa na kaka mmoja tu, Wandera, na waliishi pamoja chumba kimoja mtaani Ziwani tangu dawa ya kiwandani ilipomrukia Wandera machoni na kumpofusha. Miaka minne sasa. Tangu siku hiyo Wandera hakutaka hata kusikia neno televisheni.

Zamani haikuwa hivyo. Walipokuwa vijana, kila Jumamosi walibanana kwenye benchi la ukumbi wa mtaa kutazama kipindi cha chombo cha angani, na Wandera alirudi nyumbani akitembea kama nahodha wake, kifua mbele, mpaka Mourine akashika mbavu kwa kicheko.

Mwaka wa tisini na saba kipindi kile kilifufuliwa kwa waigizaji wapya. Mourine alikwenda kukitazama kwa jirani yake Halimo, mama yake Ifrah, lakini hakukaa hata nusu saa.

"Nahodha gani huyu?" alisema akivaa patipati zake. "Anafanana na mtu wa kutangaza sabuni!"

Mwezi ukapita. Halimo, aliyekuwa amekirekodi kipindi kile, akamsimamisha Mourine pale bombani.

"Mourine, ile kanda bado ninayo. Hukuitazama hadi mwisho. Njoo na kaka yako."

"Kaka yangu haoni, Mama Ifrah."

"Kwani masikio hana?"

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Wandera alikubali kwenda, akinung'unika kwamba anafuata chai ya iliki tu. Halimo akaweka kanda kwenye deki. Mourine alikaa karibu na kaka yake, akimweleza: sasa milango inafunguka, sasa yule wa sabuni amekasirika. Wandera alikunywa chai yake. Wakafika pale Mourine alipoondokea mara ya kwanza, wakapapita.

Ghafla Wandera akaweka kikombe chini.

"Nani huyo anaongea?"

"Ni mzee tu wa mitambo. Ana ndevu nyeupe, anapangusa mashine."

"Rudisha nyuma, Mama Ifrah."

Halimo akarudisha. Sauti ya yule mzee ikasema tena maneno yake machache. Wandera akasimama wima.

"Mourine, huyo ni nahodha wetu wa zamani."

Mourine alipiga magoti mbele ya kioo cha televisheni. Uso ulikuwa umejaa mikunjo, lakini mzee alipoinua unyusi mmoja Mourine alimtambua, na machozi yakamtoka.

"Nilimwacha akiwa karibu kuingia," alisema.

"Amezeeka sana?"

"Sana. Lakini bado anafanya kazi."

Wandera aliomba kanda ianze upya, wakaitazama yote mara ya pili, akicheka mahali ambapo wenzake hawakuona la kuchekesha.

Tangu hapo, kila Jumamosi alishika fimbo yake akaenda mwenyewe kwa Halimo kusikiliza kipindi, hata dada yake akiwa kazini. Alianza hata kumtetea yule nahodha mpya. Jambo hilo Mourine hakulikubali kamwe, na walibishana hadi chakula kikapoa.