Maji ya Baraka ya Mama Gumercinda

Mama Gumercinda Calisaya alikuwa mpishi wa api, ule uji wa mahindi ya zambarau ambao mtu wa La Paz asipoupata asubuhi hajaamka bado. Alikuwa mjane mwenye sauti ya kurudisha basi lililokwisha kukata kona, na nyumba yake ya matofali ilikuwa imeng'ang'ania mteremko wetu kama kupe.

Nyumba ile iliinama. Uji ulikaribia kumwagika upande mmoja wa sufuria huku upande wa pili ukiwa haujafika hata nusu. Mteja aliketi mwanzo wa benchi, na akimaliza kunywa amefika mwisho.

"Nyumba haijainama," Mama Gumercinda alikuwa akisema. "Nyinyi ndio mmezoea kukaa upande."

Ukatokea ufa ukutani. Akaufunika kwa picha ya Bikira Maria. Ufa ukarefuka ukachungulia chini ya picha, naye akanunua picha kubwa zaidi. Msimu wa mvua ulipofika, maji yakaanza kuchuruzika ufani, baridi na safi kabisa. Mwingine angekimbia. Yeye akapiga magoti. Bibi Encarnación, jirani yetu, akayaoshea goti lake bovu akasema limepata nafuu, na kuanzia hapo mlango wa Mama Gumercinda haukukosa watu na ndoo zao.

Juu yake, kwenye mteremko uleule, aliishi Mzee Casimiro Poma, karani mstaafu wa reli, aliyechimba bwawa la samaki uani. Sakafu hakuitia saruji, maana alisikia samaki hupenda matope. Kila asubuhi alikuta maji yamepungua, akafungulia bomba.

"Wana kiu hao!" alitueleza kwa fahari. "Hasa madume. Wanakunywa kupita kiasi."

Ndipo jiji likamleta injinia, binti mmoja aitwaye Noelia Rocabado. Alitazama nguzo za umeme zilizolala upande, akatazama ule ufa.

"Mama, maji haya yanatoka wapi?"

"Mbinguni, mwanangu."

"Yamepitia wapi?"

"Hilo muulize aliyeyatuma."

Injinia akamweleza taratibu kwamba kilima chetu ni udongo wa mfinyanzi, na mfinyanzi ukilowa ndani huteleza kama sabuni. Nyumba ikiondoka haiendi peke yake, itawazoa na wa chini.

"Kwa hiyo unataka nimfungie Bikira bomba?" Mama Gumercinda akauliza.

Binti hakubishana naye. Alipanda kwa Mzee Poma, akaomba ruhusa ya kutia unga kidogo wa rangi bwawani. Akamhakikishia kuwa samaki hawatadhurika. Mzee akakubali, akidhani ni dawa ya kuwanenepesha.

Siku chache baadaye tuliamshwa na mayowe. Maji ya baraka yalikuwa ya kijani, kijani cha kasuku! Bibi Encarnación alikuwa ameshanawa, na goti lake lilimeta kama embe bichi. Mmoja akasema dunia imekwisha, mwingine akatuma aitwe padri. Katikati ya rabsha hiyo Mzee Poma akaja mbio na ndoo, asije akakosa fungu lake la muujiza. Akachungulia.

"Lahaula! Mbona hii ndiyo rangi ya bwawa langu?"

Watu wote wakamgeukia.

"Rangi ya nini?" Mama Gumercinda akauliza polepole.

"Ya... ya bwawa, jirani."

"Poma! Msimu mzima nimenawa uso kwa mkojo wa samaki wako?"

"Samaki wangu hawakojoi, mama. Wanakunywa tu."

"Wakinywa vile wanayapeleka wapi, mjinga wewe?"

Alikuwa keshashika mwiko injinia alipoingia. Binti akaenda moja kwa moja ukutani, akaiondoa ile picha. Ufa ulimeza mkono wake hadi kiwikoni. Hapo hakucheka mtu. Mama Gumercinda akatoka nje, akaketi kwenye kiti njiani, sufuria mapajani.

Tulimhamisha siku hiyohiyo. Bwawa likakaushwa, samaki wakakaangwa wote, wakaliwa na wachimbaji, yaani sisi. Tulichimba mtaro kukata mteremko, tukalaza mabomba yenye matundu ya kuyatoa maji udongoni, tukapanga chini ya mteremko vikapu vya waya vilivyojaa mawe ili kuuzuia. Kabla hatujamaliza, mvua kubwa ikanyesha na chumba chake cha nyuma kikaporomoka na udongo. Hakikuwa na mtu. Kilichobaki tulikibomoa wenyewe.

Mzee Poma alimpa chumba chake cha mbele, kwa hiari yake kama anavyosema, ingawa tulisikia alivyohiarishwa. Sasa uji unauzwa getini kwake, naye ndiye anayeosha vikombe.

Kilima kimetulia. Ambaye hajatulia ni Mama Gumercinda. Mawingu yakikusanyika tu, anapita mlango kwa mlango akigonga kwa mwiko: "Maji ya paa lako yanakwenda wapi? Nionyeshe!" Juzi alinifuma nikimwaga maji ya kufulia nyuma ya nyumba. Sikujaribu hata kujitetea. Nilikwenda kutafuta jembe.