Mzinga wa Kizingo na Saumu ya Mbwana

Kabla ya vita vya Wajerumani, Ramadhani ya Mji wa Kale ilikuwa na mzinga wake. Ulipolia pale Ngomeni, mji ulifuturu. Bibi yangu alishika tende yake tangu alasiri akiusubiri. Alisema desturi ile aliitia nguvu liwali wa ujana wake, mtu aliyejua baruti ni ya kazi gani. Hakuna jema ambalo Bibi hakumpa liwali yule. Hata mvua ikinyesha vizuri, sifa zilikwenda kwake, nasi wajukuu tukicheka chini ya leso.

Vita vilipoingia, serikali ikaikusanya baruti yote. Mzinga wa Ramadhani ukanyamaza, tukabaki na adhana. Huku nyuma askari wakapanga mizinga mipya Kizingo, mikubwa, wakawa wanafanya mazoezi ya kupiga baharini, ambako hakukuwa na adui ila samaki, changu na tasi.

"Liwali wetu alipiga mmoja, muyi mzima ukala," Bibi alinung'unika. "Hawa wapiga ishirini, na watu wana njaa."

Jioni moja, baada ya mawingu kufunika kisiwa kutwa, tulikaa mkekani: mimi, Mama, Bibi na kaka yangu Mbwana, mshona kofia. Tulikuwa tukizitazama kaimati za futari. Mzinga ukalia.

"Mwaona?" Bibi akasema. "Wameurudisha. Wamejua kuwa liwali hasahauliki."

Tukala. Majirani nao wakala. Nilisikia bilauri zikigongana dirisha kwa dirisha. Mbwana alikuwa mashavu yamemjaa mzinga ulipolia tena, na tena. Ulikuwa wa Kizingo. Adhana ilitoka tumekwisha kunawa. Wanaume wa mtaa walikwenda msikitini wakitazama chini, wameshiba.

Saumu ile ilibidi tuilipe. Sisi wanawake tulilipa baada ya Idi. Mbwana alisema yake itangoja. Alipenda kula mno, nasi tukamtania kwamba ataifunga akiwa hana meno.

Kisha wakaanza kukamata watu wa kubeba mizigo ya jeshi.

Mbwana walimshika mtaa wa Mbaraki, alikokwenda kumsalimu rafiki.

Mama alikimbia stesheni na kanzu ya pili ya Mbwana. Gari la moshi lilikuwa limeshaondoka.

Mwaka uliofuata, mwenzake mmoja alirudi na habari. Mbwana hakupigwa risasi. Aliumwa tumbo huko Taveta, kwa unga mbovu waliolishwa, na dawa haikuwapo. Mimi sasa ni bibi wa watu, na jambo hilo bado lanikasirisha. Serikali ilikuwa na baruti ya kuwatupia samaki, ikakosa dawa ya tumbo la mshona kofia.

Matanga yalipokwisha, nilinuia kimya kimya kumfungia kaka yangu siku yake. Magharibi nikanyatia jikoni kutafuta tende. Nikamkuta Mama ameshika yake. Nyuma yangu akaingia Bibi na bilauri ya maji.

Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake. Tukacheka sana, hata Bibi akalazimika kukaa chini.

"Alikuwa na saumu moja ya kulipa," akasema, akijifuta machozi matoni. "Sasa amelipiwa tatu. Zilizozidi, Mungu amwandikie thawabu."

Mama aliigeuza tende yake mkononi.

"Mimi nalimtaka yeye," akasema, kisha akafuturu.